Nani Alimwambia Rodell? Redio koli iliyomponza dereva wa basi la shule

Ukungu bado umetanda kwenye uwanja wa mabasi, na Arvella Haddix anazunguka basi lake la njano akiwa na tochi. Anagonga tairi kwa kisigino, anainama kutazama uvunguni, anafuta kioo cha pembeni kwa mkono wa sweta. Begani, karibu na sikio, imening'inia redio koli nyeusi inayotosha kiganja. Inakoroma kidogo, kisha inatoka sauti ya mwanamke: gari la wagonjwa linahitajika Laurel Lick, kuna mzee ameanguka bafuni.

"Huyo ni Hobert," anasema Arvella. "Maskini, hayo maungo yake. Nikipita kule sasa hivi nitakuta gari la wagonjwa limeziba njia nzima. Basi leo naanzia upande wa kanisani."

Anapanda, anawasha injini, anabadilisha njia. Hakuna aliyempigia simu. Njiani huku simu za mkononi hazishiki.

Kwenye kituo cha tatu, Leatha Combs anamsindikiza binti yake Maylin hadi kwenye ngazi za basi. Anamsalimia dereva. Kisha macho yake yanakwenda kwenye redio, yanatulia pale, yanarudi usoni kwa Arvella.

"Hilo dude limewashwa?"

"Limewashwa."

"Haya."

Mlango unafungwa. Arvella anakanyaga mafuta, basi linapita kona.

"Haniamini," ananiambia kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie. "Lakini kila asubuhi lazima ahakikishe ninalo na linafanya kazi. Niambie wewe, mtu kama huyo utamwitaje? Rafiki au adui?"

Arvella ana miaka hamsini na minane. Amekuwa akiwabeba watoto wa Kaunti ya Tolliver, hapa mashariki mwa Kentucky, tangu mwanawe mwenyewe alipokuwa darasa la kwanza. Barabara zake ni zile zinazofuata vijito hadi kichwani mwa bonde, linapoishia mlimani, kisha zinageuka na kurudi. Redio ya basi, ile ya kuzungumza na shule, hufa ukishapita duka la zamani la mgodi. Kuanzia hapo dereva yuko peke yake na Mungu wake.

Kama nyumba nyingi za huku, kwao kulikuwa na kisanduku juu ya friji kilichosema mchana kutwa nyumba ya nani inaungua na gari la nani limeingia mtaroni. Mama yake alikisikiliza huku akimenya viazi. Arvella alipopata kazi alikuwa na kingine kidogo cha namna hiyo ndani ya basi, mpaka kaunti ilipohamia mitambo ya kidijitali. Visanduku vyote vikageuka mabubu.

"Ukiwasha unasikia kama nyuki wamefungiwa ndani ya chupa," anasema. "Vile vipya vya kusikiliza vinazidi dola mia tano. Kwa mshahara huu? Ningekuwa nasikiliza ajali za watu huku mimi nimekaa gizani, umeme umekatwa."

Aliyemtoa kwenye shida hiyo ni Burl Sizemore, fundi umeme mstaafu wa mgodini na mwenyekiti wa chama cha wapenzi wa redio, watu wanaozungumza wao kwa wao kwa redio zao kama burudani. Burl alimwambia anunue redio koli ya kidijitali ya wapenzi wa redio, inayouzwa kwa kiasi cha robo tu ya bei hiyo. Ukiiunganisha na kompyuta na kuiwekea masafa ya kaunti pamoja na namba zake, inasikia kila kitu: zimamoto, magari ya wagonjwa, askari wa sherifu. Burl aliifunga upande wa kuzungumza.

"Kwenye masafa ya kaunti nasikia tu," Arvella anasisitiza, na anabonyeza kitufe cha pembeni ili nione mwenyewe. Redio inalia mlio mmoja wa kukataa. "Unaona? Sizungumzi na mtu. Nimewaonyesha watu mara ngapi! Wanaangalia kitufe, halafu wananiangalia mimi kama vile nimewafanyia mazingaombwe."

Katika jimbo hili, si kila mtu anaruhusiwa kubeba garini chombo kinachosikia polisi. Wenye leseni ya wapenzi wa redio ni miongoni mwa wanaoruhusiwa. Kwa hiyo Arvella alisoma. Watoto wa kiti cha nyuma walimwuliza maswali ya mtihani njia nzima, na siku alipofaulu walimshangilia mpaka vioo vikatetemeka.

Halafu likaja suala la Rodell Pratt.

Rodell alikuwa akiuza vidonge vya kulevya. Kila mtu alijua, na wengi walikuwa wamenyamaza, mpaka Colby, mtoto mkubwa wa Leatha Combs, alipokutwa amekufa kwa vidonge hivyo ndani ya gari lake nyuma ya uwanja wa mpira. Hati ya kumkamata Rodell ikatolewa. Askari wakaenda nyumbani kwa mama yake, Icie Pratt, kwenye kichwa cha Bonde la Pawpaw. Wakakuta kahawa ya moto mezani, kiti kimesukumwa nyuma, na Icie anakunja nguo.

Wakarudi wiki iliyofuata kwa njia nyingine. Hali ikawa ileile. Safari hii hata kahawa haikuwepo.

"Kulikuwa na mtu anamwambia," anasema Sherifu Vernon Goble, mtu mrefu anayeongea polepole. "Vijana wangu wakitoka huwa wanasema redioni wanaelekea wapi. Ni mazoea ya miaka yote. Sasa jiulize, nani katika bonde lile ana redio inayosikia?"

Jibu lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Sherifu alimfuata Arvella uwanja wa mabasi, akavua kofia.

"Bi Arvella, sisemi ni wewe. Nauliza tu."

"Unauliza nini, Vernon? Ulipokuwa darasa la tano ulitapika kwenye basi langu nikakufuta mimi. Leo unaniuliza kama nawasaidia wauza vidonge?"

"Nauliza tu, mama."

"Basi umeshajibiwa."

Siku chache baadaye ofisi ya usafiri ya shule ilimwamuru aache redio nyumbani "mpaka mambo yatulie". Arvella anasema hapo ndipo mambo yalipoacha kutulia kabisa. Kanisani watu walisogea kwenye benchi kumpa nafasi kubwa kuliko aliyohitaji. Kwenye duka la vyakula mwenye duka alikatiza simu alipoingia. Mtu mmoja, hadi leo hajui ni nani, alimbandikia karatasi kwenye kioo cha gari: NIONYE NA MIMI.

Mdogo wake Ouida, mjane anayeshona mablanketi ya viraka, ndiye aliyekuja na mkate wa mahindi na sufuria ya maharage, akaketi naye barazani.

"Usiwajali, dada," alimwambia. "Watu wa hapa wasipomsema mtu wanaumwa tumbo."

Arvella hakuweza kutowajali. Akaanza naye kushuku. Alimshuku Burl, kwa sababu Burl ana redio chumba kizima. Alimshuku mwanamke wa kituo cha simu za dharura, ambaye sauti yake aliisikia kila siku lakini hakuwahi kumwona. Na mwishowe, akilini kimyakimya, alimshuku mume wake.

Denzil Haddix alifanya kazi mgodini mpaka mapafu yakakataa. Anakaa nyumbani mchana kutwa. Alisoma na baba yake Rodell, walikuwa wakivua samaki pamoja. Na sasa redio ilikuwa nyumbani naye.

"Nikawa nikitoka naificha," anasema Arvella. "Naona aibu kusema. Niliificha kwenye mashine ya kufulia."

Denzil, aliyeketi mezani akitusikiliza, anacheka mpaka anakohoa. "Mwambie vizuri. Siku hiyo nilitaka kufua soksi. Nafungua mashine, nakuta redio imefungwa ndani ya taulo kama mtoto mchanga. Nikamwita. Nikamwambia, mke wangu, kwa hiyo mimi nikitaka kumwonya jambazi sharti nifue kwanza?"

"Hukucheka siku ile," anasema Arvella.

"Sikucheka." Denzil anageuza kikombe chake mezani. "Nilihamia chumba cha mtoto. Miaka thelathini na nne ya ndoa, unashukiwa ndani ya nyumba yako. Leatha kumshuku Arvella, hilo naelewa, amezika mtoto. Lakini mimi nilikuwa nimefanya nini?"

Walikuwa bado hawasemezani asubuhi moja ya Machi, mvua kubwa ilipomwagika ghafla juu ya mlima.

Bondeni ilikuwa ikinyesha kawaida tu, na shule haikuwa imefungwa. Denzil alikuwa ameondoka mapema na gari la jirani kwenda kliniki ya mapafu. Redio ilikuwa bado ndani ya mashine ya kufulia; tangu siku ya soksi hakuna aliyeigusa. Arvella aliwapakia watoto kumi na saba, Maylin Combs akiwa kiti cha mbele, akaanza kushuka mteremko unaoishia kwenye daraja la Lick Fork. Mteremko ule una kona kali, na daraja hulioni mpaka uwe karibu kulikanyaga.

Juu kidogo ya kona, mwanamume alikuwa amesimama katikati ya barabara akipunga mikono yote miwili. Arvella alikanyaga breki. Basi likateleza, likasimama. Ndipo alipoitambua sura chini ya kofia ya koti.

"Ni Rodell!" mtoto mmoja akapiga kelele, na kilio kikaanza viti vyote.

Arvella alifunga mlango kwa kitasa. Akafungua dirisha upana wa vidole viwili.

"Toka barabarani!"

"Rudisha basi nyuma, Bi Arvella! Daraja limekwenda!"

"Nimesema toka!"

"Limekwenda, nakwambia! Mama kanitumia ujumbe, zimamoto wameshatangaza! Nilikuwa juu kule simu inakoshika, nikakimbia!"

"Sikumwamini hata kidogo," Arvella anasimulia. "Mtu anatafutwa na kaunti nzima, mbele yake kuna basi limejaa watoto. Ungefikiri anataka nini? Mimi nilifikiri anataka basi. Au anataka watoto, ili askari wasimpige risasi."

Hakurudi nyuma, kwa kuwa hakumwamini. Hakusonga mbele pia, kwa kuwa hakuwa na uhakika. Alichomoa ufunguo, akautia kifuani. Akamwambia msichana mkubwa kuliko wote afunge mlango nyuma yake na asiufungue hata akimsikia yeye mwenyewe analia. Akashuka na mtungi wa kuzimia moto mkononi.

"Tangulia," alimwambia Rodell. "Mbele yangu. Mikono nje ya mifuko. Ukigeuka tu nakufumua uso na huu."

"Sawa, mama. Sawa."

Walishuka hivyo, yeye mbele, Arvella hatua kadhaa nyuma ameinua mtungi. Walipofika kwenye kona Rodell akasimama na kunyoosha kidole. Nusu ya mbali ya daraja haikuwepo. Chuma cha pembeni kilikuwa kimepinda kuelekea chini, na maji ya kahawia yalikuwa yakipita na matawi, mapipa, na friji ya mtu mlango wazi.

"Niliketi palepale kwenye matope," anasema Arvella. "Nilipoinua kichwa, Rodell alikuwa ameruka mtaro anapanda msituni. Sikumshukuru. Hata leo sijui kama ningemshukuru."

Alilirudisha basi nyuma, kupanda mlima wote, watoto wakimwimbia wimbo wa kanisani.

Mtu angedhani siku hiyo ingemsafisha. Haikumsafisha. Arvella alimweleza sherifu kila neno, na watoto walieleza zaidi. Kufikia jioni kaunti nzima ilikuwa na swali moja: kwa nini Rodell, ambaye hata mbwa wa polisi hawakumpata, alijitokeza kwa basi la Arvella tu?

Leatha alimkuta kituo cha mafuta.

"Mwanangu yuko kaburini," alimwambia mbele za watu, "na wewe unatembea barabarani na aliyemuua, kama watu wanaokwenda sokoni."

"Leatha, nilikuwa na mtungi wa kuzimia moto mkononi."

"Ulimwacha akaondoka."

Arvella alikwenda nyumbani bila kujaza mafuta. Usiku kucha, anasema, maneno ya Rodell yalimzunguka kichwani. *Mama kanitumia ujumbe. Zimamoto wameshatangaza.* Icie Pratt hana redio. Icie hata televisheni hana imani nayo. Nani alimpigia Icie? Si Denzil, maana alikuwa kliniki, na redio ilikuwa imefungwa kwenye taulo. Alimwamsha mumewe chumbani kwa mtoto.

"Denzil. Si wewe."

"Asante sana," akajibu Denzil gizani. "Naweza kulala?"

"Ile redio yangu ya kwanza. Ile betri yake ilikuwa haikai na chaji. Nilimpa nani?"

Denzil aliketi kitandani. Wote wawili walijua alimpa nani, na aliyeiwekea namba zote za kaunti, kwa mikono yake mwenyewe, alikuwa Arvella, ili mdogo wake asijisikie mpweke baada ya kufiwa.

Kulipopambazuka Arvella aliikuta jikoni kwa Ouida, imesimama kando ya kibaniko cha mkate, inakoroma. Ouida alikuwa akikata vitambaa. Hakukana.

"Tangu lini?" Arvella alimwuliza.

"Tangu mwanzo."

"Ulikula maharage barazani kwangu. Ukaniambia nisiwajali."

"Nilitaka usiwajali."

"Ouida! Watu walinibandikia karatasi! Nilimshuku mume wangu! Kijana wa Leatha amekufa, na wewe unamlinda aliyemuua?"

Hapo Ouida aliweka mkasi chini. "Sikumlinda Rodell. Rodell akafungwe, mimi nitambebea nguo. Unamkumbuka Delmas?"

Arvella alimkumbuka. Delmas alikuwa mtoto wa kwanza wa Icie. Miaka mingi iliyopita askari walivunja mlango kumtafuta, akainua mkono uliokuwa na kitu ambacho baadaye kilionekana ni rimoti ya televisheni. Alifia kwenye zulia la mama yake.

"Icie aliniomba kitu kimoja tu," Ouida alisema. "Wakiwa njiani nimwambie, ili Rodell asiwe ndani watakapoupiga teke mlango. Wamkamate barabarani, wamkamate porini, popote, lakini si mbele yake. Wewe ungemkatalia?"

"Ndiyo."

"Muongo."

Arvella alimwambia mdogo wake achague: aende kwa sherifu mwenyewe au apelekwe. Ouida alisema ataenda, lakini kwanza apitie kwa Icie. Arvella hakumwamini. Alipanda gari lake akamfuata nyuma hadi Pawpaw, akangoja nje injini ikiwaka.

Wanawake hao wawili, Ouida na Icie, ndio waliolimaliza jambo ambalo askari walishindwa. Walimwendea Goble ofisini, Ouida akasema aliyoyafanya, na Icie akaomba aahidiwe kwamba hakuna mlango utakaovunjwa, naye atamleta mwanawe mwenyewe. Jumapili adhuhuri, watu wakitoka ibadani, gari la Ouida liliingia uwanja wa kanisa. Rodell alikuwa kiti cha nyuma, mama yake amemshika mkono wa koti. Sherifu alikuwa amesimama kando ya gari lake, viganja wazi, bila bunduki. Leatha Combs alikuwepo. Anasema alitaka kumwona akifungwa pingu, akamwona, na hakupata alichodhani angepata.

Rodell yuko gerezani. Ouida alitozwa faini, akapewa kazi za kujitolea, na redio yake ikachukuliwa. Askari wa sherifu sasa wanazungumza kwa njia iliyofungwa ambayo hakuna redio ya raia inayoisikia. Kwa Arvella zimebaki zimamoto na magari ya wagonjwa. Anasema hizo zinamtosha.

Nilimwuliza Sherifu Goble kama alimwomba Arvella radhi. "Nilikosea mlango," alisema. "Sikukosea familia."

Redio ilirudi kwenye basi baada ya mkutano wa wazazi, na aliyeirudisha ni mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. Leatha alisimama nyuma ya ukumbi na koti lake mwilini.

"Simwamini huyu mama, na wala simpendi," alisema. "Lakini siku ile mtoto wangu aliyebaki alikuwa ndani ya basi lile, na hilo dude lilikuwa nyumbani kwa sababu yangu na ya nyinyi wote. Mrudishieni."

Wapo ambao hadi leo wanasema Arvella alijua tangu mwanzo. Anawafahamu kwa majina. Anawabebea watoto wao.

Mpango wake sasa ni kuona kila basi linalopanda mabonde lina dereva mwenye leseni na redio kama yake. Kila Jumamosi madereva kadhaa hukutana kwenye gereji ya Burl, wanakunywa kahawa mbaya na kujifunza kwa ajili ya mtihani. Mwezi uliopita Ouida alipiga simu kuuliza kama naye anaweza kuja. Dada hao wawili huzungumza, lakini kwa tahadhari, kama watu wanaobeba kabati kubwa kupita mlango mwembamba.

"Nilimwambia aje," anasema Arvella. "Akae mbele nimwone."

Je, akifaulu, atamnunulia redio nyingine?

Arvella anasimamisha basi, mkono uko kwenye usukani.

"Nitamnunulia. Lakini kabla sijamwachia nitaishika hivi mkononi, nimtazame machoni, nimwulize: Ouida, safari hii ukisikia kitu, utampigia nani kwanza?" Anafungua mlango wa basi, na watoto wanaanza kushuka. "Na ole wake asiseme ni mimi."